Kabla ya Kununua Kisu cha Springi, Mwambie Muuzaji Akifunge

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa dukani, hapa Dallas. Ana miezi minne tangu afike kutoka Tanga, na wiki hiyo alikuwa ameanza kazi ya kupakua makontena kwenye ghala lile lile nililoanzia mimi. Juu ya kaunta alikuwa amewekewa visu viwili vya springi, kila kimoja aina yake. "Kaka, muuzaji anavifungua vyote kabla sijapepesa macho. Nichukue kipi?"

Nikamwambia: mwambie avifunge. Na avifunge kwa mkono mmoja, huku ule mwingine umeshika boksi.

Muuzaji, aliniambia baadaye, alicheka kidogo, kisha akakiweka kimoja pembeni.

Nimebeba aina zote mbili. Cha kwanza nilikaa nacho miaka mitatu ghalani, cha pili kiko mfukoni mwangu tangu nilipoanza kuendesha lori. Vyote viwili vina bapa la inchi 3 na robo, yaani kama sentimita 8. Cha kwanza kilinigharimu dola 140, cha pili 260. Sitaji viwanda, kwa sababu ninayotaka kueleza yanahusu jinsi kisu kinavyofanya kazi ndani, na hayo utayakuta kwa watengenezaji wote.

Cha kwanza nikiite cha ubavuni. Ni kisu cha kukunja kama tulivyovizoea, ila kwenye egemeo la bapa kuna springi. Ukibonyeza kitufe, bapa linazunguka, linatoka ubavuni mwa mpini na kujifunga. Cha pili ni cha mbele: bapa halizunguki, linateleza moja kwa moja na kutokea kichwani mwa mpini unapoisukuma swichi kwa kidole gumba. Ukiivuta swichi hiyo hiyo nyuma, bapa linarudi ndani. Vipo pia vya mbele ambavyo springi yake inafungua tu, na kulirudisha bapa ni kazi ya mikono miwili. Hivyo siviongelei, kwa kazi havifai.

Sasa lipo jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Kisu cha ubavuni kikiwa kimefungwa, springi yake imekazwa muda wote, usiku na mchana. Kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma kilichoshikana na kitufe. Cha mbele ni kinyume chake: kikiwa kimetulia, springi imelala, haina nguvu yoyote. Nguvu unaitia wewe kwa kidole gumba wakati unasukuma swichi, na bapa linaachiwa pale swichi inapokaribia mwisho wa njia yake. Ndiyo maana swichi ya cha mbele ni ngumu, na wengi wakiijaribu dukani hudhani kisu ni kibovu. Ugumu ule ndio usalama wako.

Nilijifunza hili kwa damu. Mwezi wa pili wa kazi niliegemea paleti kusoma lebo, kona ya mbao ikabonyeza kitufe kupitia suruali. Nilisikia mlio mdogo tu. Bapa halikuwa na nafasi ya kufunguka lote, likaishia nusu, ncha ikiwa imetazama juu ndani ya mfuko. Nikaingiza mkono kutafuta kalamu bila kuangalia. Kovu bado lipo chini ya kidole cha kati. Kwa hiyo ukichagua cha ubavuni, chukua chenye kufuli ndogo ya usalama pembeni ya kitufe, na uitumie kila unapokirudisha mfukoni, hata kama wenzako wanaona unajisumbua. Kisukumie nyuma mpaka mgongo wake uguse mshono wa mfuko, ili bapa lisipate pa kuzungukia. Na mfuko huo uwe wa kisu peke yake, bila funguo wala chenji.

Lakini hata hilo si kubwa kama suala la kufunga. Kasi ya kufungua haina maana yoyote kazini. Boksi halikimbii. Ila kwa zamu moja utafungua na kufunga kisu mara mia, ukikata nailoni ya paleti, kamba za plastiki, selotepu, na kila ukikata kuna mzigo mkono wa pili. Kufunga cha ubavuni lazima ukandamize kitufe huku ukilisukuma bapa lirudi, na springi inakupinga. Kwa mikono miwili ni rahisi. Kwa mkono mmoja watu hulisukumia pajani, na mtu aliyechoka, saa ya tisa ya zamu, glavu zimelowa, huacha kidole njiani.

Wengi basi hawafungi kabisa. Wanakilaza wazi juu ya boksi, "nitakifunga nikimaliza". Hapo ndipo watu wanapoumia. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu alishonwa nyuzi sita kwa kisu ambacho hata hakikuwa chake. Aliweka tu kiganja juu ya rundo la makatoni. Tangu siku ile nikaanza kukiangalia kisu kwa jicho moja: kitarudi ndani upesi kiasi gani mara nikishamaliza kukata?

Kwa hilo cha mbele kinashinda, na kinashinda mbali. Kidole gumba hakiondoki kwenye swichi. Mbele, kata, nyuma, mfukoni. Mkono wa kushoto haujaachia mzigo, na hakuna kidole kinachopita njia ya makali.

Kuna kifungu kimoja katika sheria ya Marekani ya mwaka 1958 kuhusu visu vya springi ambacho kilinigusa nilipokisoma. Sheria ile ilipiga marufuku kuvisafirisha kibiashara kutoka jimbo moja hadi jingine, lakini ikamwachia mtu mwenye mkono mmoja abebe chake, bapa lisizidi inchi 3. Waliotunga sheria ya kuvizuia walimkumbuka mtu huyo. Mimi nina mikono miwili, namshukuru Mungu, lakini ninapomshikilia mteja mlango wa treila huku nakata kamba, ninao mmoja tu. Hali hiyo ndiyo kisu cha mbele kiliundiwa.

Sasa ubaya wa cha mbele, maana upo. Kichwa cha mpini kiko wazi, na vumbi la makatoni linaingia kila siku. Likijaa, bapa linatoka kivivu na kuishia katikati, halijafungwa mbele wala nyuma, linalegea tu. Vilevile likigonga kitu wakati linatoka, linaacha njia yake. Usiogope wala usiligonge mezani. Lishike ubavu wake, mbali na makali, livute mpaka usikie limekaa, kisha endelea. Kosa wanalofanya wengi ni kukipaka grisi. Grisi inanasa vumbi na kugeuka uji. Mimi kila Jumapili napuliza ndani kwa kopo la upepo, nadondosha spiriti, nakifungua na kukifunga mara ishirini, nakiacha kikauke, halafu tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Dakika kumi zinatosha.

Na usishtuke bapa likichezacheza kidogo ukilitikisa. Lazima liwe na nafasi ili liteleze. Lingebanwa kabisa lisingetoka. Ila kwa sababu hiyo usikitumie kubandulia, kuchokonolea misumari wala kufungulia makopo. Kazi za kukata kwa nguvu ni za cha ubavuni, ambacho kikijifunga hakichezichezi kama cha mbele. Nyama pia. Jumamosi tukichoma nyama uani natoa kile cha zamani, kwa sababu mafuta na damu vikiingia ndani ya cha mbele utavifuata mpaka lini?

Kuhusu chuma nitasema machache, maana watu hubishana mno. Changu cha ubavuni ni cha chuma kiitwacho 154CM, kinanoleka vizuri kwa jiwe la kawaida. Cha mbele ni cha chuma kiitwacho M390. Kinakaa na makali muda mrefu zaidi kwenye makatoni, ambayo hula makali kuliko watu wanavyofikiri, lakini siku kikiisha kinataka jiwe la almasi na subira. Kama hujui kunoa bado, usilipie zaidi kwa ajili ya chuma kigumu. Na vile vya dola 30 viache. Springi nyepesi na kitufe kilicholegea ni vitu viwili usivyotaka karibu na paja lako.

Kisha sheria, na hapa nawaomba ndugu zangu mnisikilize kuliko kote juu. Hapa Texas visu hivi viliruhusiwa Septemba 2013, na tangu 2017 mipaka mikubwa ni kwa bapa linalozidi inchi 5 na nusu. Lakini Texas si Marekani yote. California hairuhusu kubeba cha springi chenye bapa la inchi 2 au zaidi, kwa hiyo nikipangiwa mzigo wa huko, kisu changu kinabaki nyumbani na nabeba kikatio cha kawaida cha maboksi. Ukienda jengo la serikali kuu, iwe mahakama au miadi ya uhamiaji, usiende nacho. Kwenye ndege kiko kwenye begi la kupakiwa chini tu, na kwanza uangalie sheria ya unakotua. Uingereza imezuia kuviuza tangu 1959, na tangu 2021 hata kuwa nacho ndani ya nyumba yako ni kosa. Kanada nako ni marufuku. Usimpelekee binamu zawadi ya kesi.

Kazini pia uliza. Maghala mengi hayaruhusu kisu chochote ila kile kikatio chao ambacho makali yamefichwa. Kama utaratibu ni huo, ufuate, kisu kibaki nyumbani.

Na ukisimamishwa na polisi barabarani, mikono juu ya usukani. Ukiulizwa, sema kwa sauti tulivu kwamba una kisu mfuko wa kulia, na usikiguse mpaka uambiwe. Sisi hatuna anasa ya kueleweka vibaya. Kesi ya silaha kwa mtu ambaye karatasi zake bado ziko mezani kwa uhamiaji ni mzigo juu ya mzigo. Nilimwambia mdogo wangu hayo yote kwenye simu ile ile, muuzaji akiwa anasubiri.

Alichukua cha mbele, baada ya kumuuliza msimamizi wake kwa ujumbe na kujibiwa kwamba kinaruhusiwa. Nilimtaka achukue chenye rangi ya chungwa badala ya cheusi, kwa sababu kisu cheusi kikianguka kati ya paleti hukioni, na kwa sababu mpini wa rangi ile hautishi mtu anayekuona ukikata kamba dukani.

Jumapili akaja nacho. Tulitandaza gazeti mezani, nikamwonyesha kopo la upepo, spiriti na mafuta. Kisha nikampa mfuko wa unga wa kilo mbili aushike kwa mkono wa kushoto, nikamwambia akate selotepu na kukirudisha kisu mfukoni bila kuuweka chini. Mara ya kwanza swichi ilimshinda. Mara ya tatu akaweza. Tuliendelea mpaka akawa haangalii tena kidole gumba chake.