Una Angina na Unatakiwa Kuingia Chemba ya Oksijeni? Anza na Dawa Zako

Wagonjwa wengi ninaowahudumia, nikiwa muuguzi wa chemba ya oksijeni, huja kwa sababu ya kidonda cha kisukari mguuni kilichokataa kupona, na baadhi yao tayari wana angina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha. Tiba hii si ya kutibu angina, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo usimsikilize.

Ndani ya chemba, mgonjwa huvuta oksijeni tupu kwa takribani saa 1 na nusu, katika mgandamizo wa mara 2 hadi 2.5 ya ule wa hewa tunayoishi nayo. Oksijeni inapozidi katika damu, mishipa husinyaa, mapigo ya moyo hupungua, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Moyo uliodhoofika unaweza kushindwa, maji yakajaa mapafuni. Kwa hiyo aliyewahi kuvimba miguu au kukosa pumzi akilala aombe kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kikao cha kwanza.

Dawa za angina kama bisoprololi na atenololi, pamoja na verapamili na diltiazemu, nazo hupunguza mapigo, hivyo zikikutana na oksijeni hiyo mapigo yanaweza kushuka kupita kiasi. Hata hivyo, usiache kuzimeza kwa uamuzi wako, maana kusitisha bisoprololi au atenololi ghafla kunaweza kuamsha angina kali, hata shambulio la moyo. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini naongeza tahadhari: chemba inaweza kushusha sukari, huku bisoprololi na atenololi zikificha moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Jasho hubaki, kwa hiyo ukilihisi, sema.

Nitrogliserini, dawa ya angina inayotanua mishipa ya damu, ndiyo hunifanya nikague mwili mzima. Mzee mmoja alikwisha kuvaa gauni la pamba, kumbe nyuma ya bega kulikuwa na kibandiko chenye rangi ya ngozi ambacho mkewe alimbandika alfajiri. Kibandiko na dawa ya kupuliza haviingii chemba kwa hatari ya moto, lakini tulimpigia daktari wake wa moyo kwanza, ili mzee asikae bila kinga, ndipo tukakibandua.

Njoo na dawa zako zote zikiwa katika pakiti zake, na ueleze ulimeza ipi na saa ngapi. Kifua kikibana mkiwa ndani, mwambie muuguzi papo hapo, usisubiri kikao kiishe.