Maswali na majibu: Mgonjwa wa Parkinsoni, maziwa ya mgando na sindano ya kuzuia kutapika

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Bahi. Tuna mzee wa miaka 68 mwenye Parkinsoni, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Aliandikiwa Dodoma mjini kidonge chenye levodopa miligramu 250 na kabidopa miligramu 25, nusu mara tatu kwa siku. Asubuhi anameza na chai ya rangi, anatembea vizuri ila kichefuchefu kinamsumbua. Kwa hiyo mchana na jioni wanampa na maziwa ya mgando, na hapo anakakamaa, hata kikombe hashiki. Mwenzangu anataka tumchome metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Ni sawa? Au dozi iongezwe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Metoklopramidi msimpe kabisa, iwe sindano au kidonge. Inazuia kutapika kwa kuziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuendesha mwendo wa mwili, na inaingia hadi kwenye ubongo. Mzee huyo dopamini yake ya ubongoni imeshapungua. Mkiziba hata hiyo iliyobaki atakakamaa zaidi. Promethazini, klopromazini na haloperidoli nazo zina tabia hiyohiyo, na ndizo zinazokaa kwenye makabati yetu. Andikeni kwa wino mwekundu juu ya faili lake, wa zamu ya usiku asije akampa.

Kichefuchefu chenyewe nadhani kimeanzia kwenye ile nusu kidonge. Kuna kimeng'enya nje ya ubongo kinachogeuza levodopa kuwa dopamini kabla haijafika inakotakiwa, na dopamini hiyo ya njiani ndiyo inayochefua. Kabidopa imewekwa kukizuia. Ili ikizuie sawasawa, mtu anahitaji takriban miligramu 70 hadi 100 za kabidopa kwa siku. Mzee wenu anapata 12.5 mara tatu, yaani 37.5. Haitoshi! Kipo kidonge cha levodopa 100 na kabidopa 25. Akimeza kizima mara tatu, levodopa inakuwa 300 badala ya 375, ila kabidopa inafika 75. Mpigieni daktari aliyemwandikia mumpe hesabu hii, yeye ndiye aamue. Akiona bado anahitaji dawa ya kuzuia kutapika, domperidoni haipenyi kirahisi kwenye ubongo, ila historia ya moyo iulizwe kwanza.

Kuhusu kuongeza dozi, rekebisheni kwanza mlo. Levodopa ni amino asidi. Utumboni, na tena kwenye kuingia ubongoni, inapita njia moja na amino asidi za protini, na protini ikiwa nyingi dawa inabaki nje. Mgando, nyama, maharage, hata mlenda uliojaa karanga, vyote vinaigombania njia hiyo. Ameze nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Tumbo likisumbua, ale kipande cha kiazi kitamu au uji mwepesi usio na maziwa. Ila msimkataze protini, mzee atakonda. Nyama na mgando visogezwe kwenye chakula cha usiku, mbali na kidonge cha jioni. Kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, navyo viachane na dawa hii kwa saa mbili hivi.

Mwambieni mkewe au anayemhudumia kwamba mkojo na jasho vinaweza kuwa na rangi nyeusi, na hilo halina madhara. Lenye madhara ni kuacha ghafla: homa kali, misuli kuwa migumu kama mti, fahamu kuvurugika, na mtu anaweza kufa. Dawa ikibaki ya wiki moja, mtu atumwe mjini, wasingoje iishe.

Kila akija, mpimeni presha akiwa amelala chali, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe siku hiyohiyo, na mzee asiende chooni usiku bila mtu wa kumshika mkono.