Usilitupe neno "orange"

Wiki hii kijana mmoja anayechana mistari ya rap kwa Kiingereza ameniandikia: "Kaka, nimekwama. Mstari wangu unaishia na orange, na kila mtu ananiambia nilitupe, halina kina." Orange ni chungwa, na kina ni ule mlio wa mwisho unaofanana kati ya neno na neno. Namjibu kijana huyo hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kutunga kwa Kiingereza na kusikika mbali.

Jambo hili kwangu ni kidonda. Nikiwa sekondari, jaji wa mashindano ya ushairi alinikatia neno hilo mbele ya ukumbi mzima. Nilikuwa nimelipatanisha na porridge. Hicho ni kina cha karibu, milio inayokaribiana bila kulingana kabisa, aina ambayo washairi Emily Dickinson na Wilfred Owen waliitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Iliniuma na bado inaniuma. Mwezi uliopita shairi langu lenye neno lilelile limeshinda, nami nimelisoma jukwaani kwa sauti yangu yote.

Sisi wa Kiswahili tumezoea silabi ya mwisho itoshe: chungwa, tungwa, fungwa, pangwa, utachoka mwenyewe. Kiingereza kinadai kina kianzie kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, na mkazo wa orange uko mwanzoni kabisa. Kwa hiyo unatafuta mwenzake mzima. Yupo Blorenge, mlima wa Wales karibu na Abergavenny, lakini utamwingizaje kwenye ubeti wa Kariakoo? Afadhali ufanye alivyofanya rapa Eminem kwenye mahojiano ya televisheni mwaka 2010: alilipasua neno vipande viwili, akalijibu kwa door hinge, bawaba ya mlango. Sikio lilikubali. Pasua neno, ndugu yangu. Au lisogeze katikati ya mstari, mwisho umwachie neno jingine.

Ila kabla ya kina, lijue neno lenyewe. Hapa ndipo wengi mnapokuwa wavivu, na nitasema bila kuwaonea haya. Limetoka Kisanskriti, naranga, likawa narang kwa Waajemi, naranj kwa Waarabu, naranja kwa Wahispania. Lilipofika Uingereza kupitia Ufaransa, ile n ya mbele ilikuwa imeshadondoka. Tunda lilitangulia. Jina la rangi lilifuata katika karne ya 16. Kabla ya hapo Waingereza wa kale walisema geoluread, njano-nyekundu. Nasi tumepita njia hiyohiyo: rangi ya machungwa.

Halafu kuna siasa. Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini huvaa rangi hiyo kumuenzi mfalme William wa Orange, ambaye jina la ukoo wake limetokana na mji wa kusini mwa Ufaransa, wala si tunda. Kenya, kwenye kura ya maoni ya katiba mwaka 2005, ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa Hapana. Chungwa lilishinda, na chama cha ODM, Orange Democratic Movement, kikazaliwa na jina hilo. Basi ukilitamka jukwaani Kisumu, jua kwamba wengi watasikia chama kabla ya tunda, na uandike mstari unaofuata ukilijua hilo.