Serikali wamenipa sosholojia, binafsi wamenipa uuguzi, niende wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Nimechaguliwa vyuo viwili, cha serikali wamenipa sosholojia ambayo niliijaza tu ili fomu isibaki wazi, cha binafsi wamenipa digrii ya uuguzi miaka minne na ndo nlichotaka tangu mdogo. Baba anasema vyuo binafsi ni vya waliofeli, mama anasema nifuate moyo, ada ya binafsi ni kubwa mno. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwanza. Hilo la waliofeli mwambie baba kwa heshima kwamba haliko hivo, Marekani Harvard, Stanford na MIT zote ni binafsi na Berkeley na Michigan ni za umma, Japani nako Chuo Kikuu cha Tokyo ni cha umma na Waseda ni binafsi, na kote huko watu wanagombania nafasi. Ila vyuo binafsi vya hovyo vipo na wasiwasi wake una sababu, kwahiyo tujue hiki chako kikoje.

Uuguzi una mambo yake. Digrii peke yake haikuingizi wodini, unatakiwa usajiliwe na upewe leseni na baraza la wauguzi, na baraza linaangalia umesoma kozi waliyoikubali au la. Chuo kinaweza kuwa na usajili safi kabisa alafu kozi yenyewe idhini imeisha au haijawahi kupewa, na mwanafunzi anakuja kujua yupo mwaka wa mwisho, inauma sana hiyo. Usiwaulize wanaosajili wanafunzi hapo chuoni, waulize baraza wenyewe, taja chuo, taja kozi, uliza idhini inaisha lini. Uliza pia mafunzo ya vitendo wanafanyia hospitali gani na kwa wiki ngapi, manake nesi hafundishwi kwa slaidi. Kisha watafute wanaomaliza mwaka huu wakwambie kama wahadhiri ni wa kudumu.

Sasa hela. Usiangalie ada ya mwaka wa kwanza tu, piga hesabu ya miaka yote minne na hosteli, sare, nauli za kwenda vitendo, na uliza kama ada inapanda katikati. Kaeni wote watatu muulizane kipato cha nyumbani kikiyumba mwaka wa pili nani atalipa, kwasababu anayekwama mwaka wa tatu anabaki na deni bila cheti, na hapo baba ana hoja ya kweli.

Baraza wakisema ndio na hela ikionekana, nenda binafsi. Hela ikigoma, usiende sosholojia ukitegemea utahamia uuguzi ukiwa ndani, kozi za afya nafasi zake ni chache na kuhamia ni kugumu mno. Bora uombe diploma ya uuguzi chuo cha serikali uje kujiendeleza baadae, au usubiri uombe tena mwakani, na hilo la kusubiri mweleze baba mapema kabla muda wa kuthibitisha chuo unachokwenda haujaisha.