Kabla Hujauza Kiti cha Babu, Kipindue

Swali kutoka Isevya, Tabora

Mpendwa Mshauri, marehemu babu yetu alikuwa karani wa reli hapa Tabora, na baada ya arobaini ndugu tumegawana vyombo. Mimi nimepata viti viwili vyepesi vya mbao iliyopindwa kama kota ya mwavuli, ambavyo vikalio vyake vya henzirani, yaani nyuzi za mmea zilizosukwa, vimechanika, pamoja na seti ya makochi ya mninga ambayo bibi anasema ilitengenezwa mjini hapa mwaka 1974. Mume wangu anataka tuuze vyote tununue sofa jipya la kona, kwa kuwa sebule yetu ni ya mita 4 kwa 3 na nusu na wageni hawaishi. Mama mkwe, mwenye miaka 71 na magoti yanayomsumbua, anahamia kwetu mwezi Desemba. Tufanyeje?

Jibu

Dada yangu, kwanza poleni na msiba. Naomba msiuze kitu chochote wiki hii, kwa sababu katika barua yako mna viti vya aina tatu ambavyo kila kimoja kina kipimo chake, na kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvipima vyote kwa umri au kwa mng'ao wa kitambaa.

Wafanyabiashara wa samani kwa kawaida hukiita kiti cha kale kikishatimiza miaka 100, na kile kilichopita miaka 20 hivi lakini hakijafika 100 hukiita cha zamani. Makochi ya mwaka 1974 ni ya zamani. Viti vya mbao iliyopindwa huenda vikawa vya kale kweli, lakini huenda pia vikawa vya miaka ya hamsini, maana umbo hilo limetengenezwa kwa muda mrefu sana. Asili yake ni fundi Mjerumani aliyeitwa Michael Thonet, aliyefanya kazi Vienna, na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Mbao zilifukizwa kwa mvuke hadi zikalainika, zikapindwa kwenye kalibu za chuma, kisha viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Kiti cha namna hiyo ndicho kinachofaa safari ya meli na treni, na reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ilirahisisha kuleta samani za mbali. Vipindue viti vyenu na mtazame upande wa ndani wa duara la kikalio: alama iliyochomwa kwenye mbao au mabaki ya karatasi ya kiwandani yatawaambia mengi. Msiipige msasa sehemu hiyo hata kidogo, kwani alama ikifutika, na sehemu ya thamani inaondoka nayo.

Henzirani iliyochanika isiwatishe. Inasukwa upya, na ikikosekana, kamba nyembamba ya mkonge au ya plastiki iliyosukwa vizuri huwezesha kiti kutumika, ila kwa kiti cha kale ningesubiri henzirani yenyewe. Kinachotisha ni ufa kwenye ile mbao iliyopindwa mahali pa kona, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa mkaaji unapopita na fundi wa kawaida hawezi kuipinda mbao nyingine. Kama hakuna ufa, kaza skrubu zilizolegea na uviweke karibu na meza ya chakula. Havifai kwa mtu wa kuketi saa tatu akitazama taarifa ya habari.

Sasa makochi ya mninga, na hapa nitasema bila kuficha kwamba ningesikitika mkiyauza. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazonywea na kutanuka kidogo sana msimu ukibadilika, jambo lenye maana kubwa katika mji kama Tabora, ambako miezi ya Mei hadi Oktoba hukauka kabisa kisha mvua zikaanza. Hata hivyo gundi huchoka, na mwezi Septemba mtu hutikisa mkono wa kochi ukalia, akadhani kochi limekufa. Mama yangu alikuwa na kochi la namna hiyo. Fundi mmoja alikuja akapigilia misumari mitatu ya inchi tatu kwenye kiungo cha mkono, na kochi likatulia kwa miezi miwili, kisha mbao ikapasuka kufuata misumari ile ile, na kazi ya dakika kumi ikageuka kazi ya kuchonga mguu mpya. Namna iliyo sahihi inahitaji uvumilivu tu. Kiungo kinafunguliwa taratibu kwa kugongwa na nyundo iliyofungwa kitambaa. Ulimi na tundu lake vinafutwa kwa kitambaa chenye maji moto hadi gundi ya zamani ilainike na ikwanguke. Vinaachwa vikauke siku mbili. Vinapakwa gundi mpya ya mbao. Kisha fremu nzima inazungushiwa kamba inayopotwa kwa kijiti mpaka gundi itokeze pembeni kama ushanga mweupe. Usiku mzima asiguse mtu.

Kuhusu mama mkwe, mpime kabla ya kupima kochi. Akiwa amesimama na viatu vyake vya nyumbani, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake. Kimo cha kikalio, mto ukiwa umebonyea kwa uzito wa mtu, kisipungue kipimo hicho, na kwa mwenye magoti mabovu kiongezeke sentimita mbili au tatu. Makochi mengi ya miaka ya sabini yako chini mno kwa mtu wa namna hiyo, na mito yenu lazima imekwisha kubonyea. Mnunulie sponji mpya yenye uzito wa kutosha, ambayo ukiigandamiza kwa ngumi inakusukuma na kurudi mara moja, kisha hakikisheni kochi lake lina mikono imara inayofika mbele, kwa sababu mzee hainuki kwa miguu pekee, huinuka kwa viganja. Vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti lake. Vikikosa nafasi, kikalio ni kirefu mno, na mto mdogo mgongoni utasaidia.

Sofa la kona silipingi, mradi lipimwe. Chukueni chaki mchore umbo lake sakafuni kabla ya kulipa. Sofa la mita 2.7 kwa 2.1 lenye kina cha sentimita 90 litameza karibu robo tatu ya ukuta wenu mfupi, na bado mnahitaji sentimita 40 mbele yake kwa ajili ya magoti na njia ya kupita mtu aliyebeba sinia. Mkienda kwa fundi, mwombeni awaonyeshe fremu kabla haijavishwa kitambaa. Likiwa limekwisha kuvishwa, inueni kona moja ya mbele kiasi cha sentimita 15: mguu wa mbele wa upande wa pili ukibaki sakafuni, fremu inajipinda, na sofa hilo halitadumu. Kwa maoni yangu, fedha hizo zingetosha sponji na vitambaa vipya vya makochi ya babu, na ziada ikanunua stuli nne za wageni ambazo hufichwa chini ya meza.

Swali kutoka Kigoma

Chini ya kiti changu cha zamani naona unga mweupe kila asubuhi. Je, ni mchwa?

Jibu

Mchwa huacha vijia vya udongo. Unga mlaini na matundu madogo ya mviringo ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Kitenge kiti hicho mbali na vingine, kifagie, ukiweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja. Unga mpya ukionekana, wadudu wako hai: pakeni dawa ya mbao na kuingiza nyingine matunduni kwa bomba la sindano, nje ya nyumba, mkivaa glavu, na mrudie baada ya wiki chache. Bungua hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, kwa hiyo mkinunua kiti cha mninga angalieni fundi asichanganye mbao hiyo na kiini chekundu kwa kuipaka rangi.

Swali kutoka Urambo

Kuna kijana anauza kiti cha enzi cha mtemi, anasema kina miaka 200. Nikinunue kwa ajili ya sebule?

Jibu

Viti vya watemi wa Unyamwezi ni kazi kubwa ya sanaa, na kimojawapo chenye mgongo mrefu kipo katika makumbusho ya mjini Berlin, mbali na waliokichonga. Ndiyo maana nakusihi uende polepole. Kiti halisi cha aina hii huchongwa katika gogo moja, na hulainika pale palipokaliwa na pale mikono iliposhika kukiinua, si kila mahali kwa usawa. Kisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji upande wa chini: kitambaa kikitoka na weusi wa kiwi, umri wake ni wa juzi.

Kikiwa cha kweli, jambo ni zito zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya aina hiyo, na kabla ya fedha kutolewa yafaa uwaulize maofisa wa Mambo ya Kale. Mwombe kijana akupeleke kwa wazee wa ukoo kilikotoka, waseme mbele yako kwamba wameridhia. Akisitasita kukupeleka, usitoe hata shilingi.