Tisa ya Biden si Hatua ya Tisa

Februari 2024 zilitoka taarifa mbili za saratani za watu wakubwa. Tarehe 5, Kasri ya Buckingham ilisema kuwa Mfalme Charles ana saratani, bila ya kutaja ni ya wapi. Tarehe 29, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliitaja saratani ya mapafu kwa jina lake. Hakuna aliyetuandikia wakati ule. Lakini tarehe 18 Mei 2025 ofisi ya Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, ilitoa taarifa kuwa ana saratani ya tezi dume yenye alama ya Gleason 9, na namba hiyo ndiyo iliyotuletea barua. Tumechagua tatu.

Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni mkulima wa karafuu hapa Wete. Barazani kwetu habari ya Biden imezungumzwa mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema ana saratani ya hatua ya tisa, mwengine akamjibu kuwa hatua ya tisa haipo, na wa tatu akasema madhali imeshaingia kwenye mifupa basi hapana dawa tena. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ami yangu mwenye miaka 74 ametiwa mpira wa mkojo, na karatasi aliyopewa baada ya kuchukuliwa kinyama cha tezi dume ili kipimwe imeandikwa 4+5=9. Nimwambie nini?

Wa alaykumu salaam. Katika wale watatu, wa pili ndiye aliyesema kweli, kwani hatua za saratani ni nne tu. Tisa ya Biden, na tisa ya ami yako, ni hesabu ya kitu chengine kabisa.

Wewe ni mkulima wa karafuu, kwa hiyo tuanzie kituoni. Karafuu ikifikishwa hutazamwa ukavu wake, rangi yake na uchafu uliomo, kisha ikapewa daraja. Daraja hilo linakwambia karafuu yenyewe ni ya namna gani, lakini halikwambii kama gunia bado liko Wete, limeshafika bandarini Mkoani au limeshavuka bahari. Alama ya Gleason ni daraja la namna hiyo. Imepewa jina la Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa Marekani aliyeibuni katika miaka ya 1960. Kinyama kilichotolewa kwenye tezi dume huwekwa chini ya hadubini. Mtaalamu hutafuta sura mbili za saratani anazoziona humo, akaipa kila moja namba ya kati ya 1 na 5 kwa kadiri ilivyoachana na sura ya tezi isiyo na ugonjwa, kisha akazijumlisha. Siku hizi saratani inayoonekana kwenye kinyama haipewi jumla ya chini ya 6, na ya juu kabisa ni 10. Kwa hiyo 4+5 ni daraja la juu: seli zake zimeharibika sana na zina tabia ya kukua kwa haraka. Baadhi ya maabara huongeza maneno "kundi la 5", ambalo ni la mwisho katika makundi matano. Ni habari ile ile kwa namba nyengine, wala si ugonjwa wa pili.

Gunia limefika wapi, hilo ndilo linaloitwa hatua. Taarifa ya Biden ililijibu pia: saratani imefika kwenye mifupa, na hiyo ni hatua ya nne. Karatasi ya ami yako, kwa ulivyoinukuu, haijajibu suali hilo hata kidogo, na hapa ndipo ninapokuomba usimsomee habari za Biden kana kwamba ni zake. Wapo wenye 9 ambao saratani yao bado imo ndani ya tezi, kitu kisichozidi sana kungumanga kwa ukubwa, na hao hutibiwa kwa nia ya kuiondoa kabisa. Suali la kumpelekea daktari ni hili: imefika wapi, na ni picha gani zilizopigwa kulijua hilo?

Kuhusu mifupa, mwenzenu wa tatu alikata tamaa mapema. Saratani iliyotoka kwenye tezi dume ikaingia kwenye uti wa mgongo, nyonga au mbavu hubaki kuwa saratani ya tezi dume, kama Mpemba aliyehamia Mombasa asivyoacha kuwa Mpemba. Hubaki na tabia zake za kwao, na mojawapo ni kulishwa na testosteroni, homoni ya kiume. Daktari Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba homoni hiyo ikipunguzwa saratani hii hunywea, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Taarifa ya Biden ilipoeleza kuwa saratani yake inaitikia homoni, ilikuwa inasema neno la matumaini katikati ya maneno mazito, na ndilo neno ambalo baraza nyingi hazikulisikia. Njia za kuipunguza ni sindano za kila mwezi au za kila miezi kadhaa, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, ambao hufanywa mara moja na hauhitaji kutafuta dawa kila mara. Siku hizi huongezwa vidonge, kimojawapo abiraterone, ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019. Baadhi ya wagonjwa huongezewa mionzi pia, na wagonjwa wetu wa Visiwani wamekuwa wakipelekwa kwa ajili hiyo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Sitakuficha kuwa saratani iliyokwishafika kwenye mifupa hudhibitiwa, lakini kwa kawaida haiondoki moja kwa moja. Katika hesabu za Marekani, zinazoweka kando vifo vya sababu nyengine, katika kila wanaume 100 wanaogunduliwa ikiwa imeshasambaa mbali, zaidi kidogo ya thuluthi moja huwa hai baada ya miaka mitano. Hesabu hiyo inatokana na watu waliotibiwa miaka ya nyuma, na hapana daktari anayeweza kukwambia ami yako yumo katika fungu lipi.

Jambo moja lisingoje miadi. Ikiwa ami ataanza kuumwa mgongo kwa namna asiyoizoea, miguu ikalegea au ikafa ganzi, au akashindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali siku ile ile, hata iwe usiku. Huenda saratani inaubana uti wa mgongo, na mgonjwa aliyewahiwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea kuliko aliyebebwa. Kwa kuwa ana mpira wa mkojo, dalili ya mkojo haitaonekana kwake, tazameni miguu.

Mume wangu ana miaka 56. Anasema ikiwa mtu aliyekuwa na madaktari wa Ikulu ya Marekani hakugunduliwa mpaka saratani ikaingia mifupani, basi kupima ni kupoteza pesa, au waliificha. Nimjibu vipi? Msomaji wa Jang'ombe, Unguja.

Bibi, kuhusu kuficha siwezi kumshitaki mtu wala kumtetea. Yaliyosemwa hadharani ni kwamba kipimo chake cha mwisho cha PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, kinachojulikana kilifanywa mwaka 2014, alipokuwa na umri wa miaka ya sabini na kitu, na kwamba hakuwahi kuambiwa ana ugonjwa huu kabla ya Mei 2025. Jambo hilo halina ajabu kitabibu. Jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu vipimo vya kinga halipendekezi PSA ya kawaida kwa mwanamume aliyetimiza miaka 70, kwa kuwa wengi wa umri huo wana saratani za polepole ambazo zisingewadhuru, na matibabu yakawaletea shida ya mkojo na ya unyumba. Gharama ya shauri hilo ni kwamba mara nyengine saratani kali hupita bila kuonekana. Tena hakugunduliwa kwa kupimwa ovyo: alianza kupata shida ya mkojo, daktari akampima, akakuta kivimbe kwenye tezi.

Mume wako yuko katika umri mwengine. Kuanzia miaka 55 hadi 69, shauri ni kuwa mtu azungumze na daktari faida na hasara zake kisha aamue, na sisi watu weusi, pamoja na wenye baba au kaka aliyeugua, tunashauriwa kuyaanza mazungumzo hayo mapema zaidi. PSA ni kipimo cha damu tu. Hupanda kwa saratani, lakini pia hupanda kwa tezi iliyotanuka kwa uzee na kwa maambukizi, kwa hiyo ikiwa juu si hukumu. Najua kinachowakimbiza wanaume wenzangu ni kidole cha daktari kinachoipapasa tezi kwa njia ya haja kubwa, wala si sindano ya damu. Mwambie ni jambo la nusu dakika, na kwamba mkojo unaokatika katika au unaomwamsha usiku mara nne si wa kuusubiri ufike uzeeni.

Wazee wetu wanasema saratani ikiguswa na chuma husambaa. Baba ameambiwa akachukuliwe kinyama cha tezi dume naye amekataa. Wana haki? Msomaji wa Chake Chake.

Hawana, ingawa najua walikoitoa imani hiyo. Wamewaona watu wakipasuliwa kisha wakafa baada ya miezi michache, na wengi wa hao walifika hospitali saratani ikiwa imeshakwenda mbali. Kisu ndicho kilichoonekana, kwa hiyo kikabeba lawama. Sindano ya kinyama cha tezi dume ni nyembamba, na haiifanyi saratani isambae. Bila ya kinyama hakuna daraja, na bila ya daraja daktari hutibu kwa kubahatisha.

Hatari zake za kweli ni nyengine. Atatoa damu kidogo kwenye mkojo kwa siku kadhaa, na kwenye manii kwa wiki kadhaa, na hilo lisimtishe. Kabla ya siku hiyo mumweleze daktari kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu. Akirudi nyumbani akashikwa na homa na kutetemeka, au mkojo ukaziba, asilale akingoja asubuhi. Mrudisheni hospitali usiku huo huo, na mseme pale mlangoni kwamba amechukuliwa kinyama cha tezi dume na siku aliyochukuliwa.