Laktomita haioni dawa

Ndugu, umeuliza imekuwaje maziwa yako yapite laktomita (kipimo cha uzito wa maziwa) na kipimo cha alkoholi, halafu kituo cha kukusanya maziwa kiyakatae kwa sababu yana mabaki ya dawa ya ng'ombe. Hivyo ni vipimo tofauti. Laktomita inakamata hasa maji uliyoongeza, alkoholi inakamata maziwa yaliyoanza kuchacha. Penisilini, dawa ya kuua bakteria, inapita hapo bila kuonekana.

Kipimo cha dawa hutumia bakteria hai, mara nyingi Geobacillus stearothermophilus, ndani ya kichupa chenye jeli ya zambarau. Unadondoshea maziwa kidogo, unakiweka kwenye joto la nyuzi 64 kwa karibu saa tatu. Bakteria wakikua, asidi yao inageuza jeli kuwa njano, maziwa yanapita. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimewazuia, kama dawa, na maziwa yanakataliwa. Na kuchemsha hakuiondoi penisilini, usijisumbue.

Ng'ombe akitibiwa kiwele, hata chuchu moja tu, maziwa ya zote nne weka kando. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Hesabu kuanzia dozi ya mwisho, siyo ya kwanza (hapo ndipo wengi tunapoteleza). Lita zake chache zikiingia tangi la wote, mtindi unaweza kugoma kuganda.